Ndani ya begi la spana la mume wangu

Ile mada ya mawifi niliyoahidi itabidi isubiri, kwa sababu leo nataka tuongelee spana. Ndiyo, spana. Usikimbilie kwanza ukurasa wa mapishi, kaa hapa nikusimulie.

Aprili 2024 nilikuwa kwenye kicheni pati ya binti wa jirani, nimekaa zangu na soda yangu, mke wa mfanyakazi mwenzake Baba Neema akanisogelea na kuniambia, "Shoga, hongera, nasikia mnahamia Dodoma." Nilicheka kama mtu anayejua anachochekea. Moyoni nilichoka. Nilipofika nyumbani nikamwuliza, akasema kweli, barua ya uhamisho ilikuja wiki mbili nyuma na ameshaisaini. Eti alikuwa anatafuta wakati mzuri wa kuniambia. Mimi nina duka la vitambaa Sinza, nina wateja wa miaka tisa, nina mtoto shuleni, halafu habari za maisha yangu nazisikia kwenye kicheni pati.

Tukaishi kwa kimya kama wapangaji wawili waliogombania umeme. Mwezi Juni yeye mwenyewe akaja na wazo. Kila Jumamosi huwa anaendesha baiskeli na wenzake mpaka Bunju na kurudi. Akasema, Mama Neema, twende Tanga kwa baiskeli, mimi na wewe tu. Dar mpaka Bagamoyo, Bagamoyo mpaka Msata, tukamate barabara kuu mpaka Segera, halafu Muheza na Tanga. Zaidi ya kilomita 300, siku tano bila haraka. Upepo wa kusi utatusukuma mgongoni. Nikakubali. Nilijua kwenye baiskeli hakuna televisheni ya kujificha nyuma yake.

Jioni kabla ya kuondoka akamwaga vifaa vyake mezani sebuleni. Jamani! Nyundo. Bisibisi nne. Plaizi mbili. Seti ya spana za gari, ile ya kurithi kwa marehemu baba yake. Zile fimbo ndogo za chuma zenye umbo la herufi L na ncha ya pembe sita, mafundi wanaziita alenki. Kikata cheni, pingili za ziada za cheni, tyubu mbili mpya kwenye maboksi yake, viraka na gundi, pampu ndogo, chupa ya oili. Nikalipeleka begi kwenye mizani ya Mangi pale kona, likasoma kilo nne na robo. Nikamwuliza, "Vyote hivi?" Akajibu kwa ile sauti yake ya ofisini, "Mama Neema, mambo ya ufundi niachie mimi." Nikamwachia.

Sasa nikueleze kuhusu hizi baiskeli, maana kiini kipo hapa. Ya kwake ni mtumba wa Ulaya, nyepesi, ina gia nyingi. Magurudumu yake yanafunguka kwa kukunjua kiwiko tu, hakuna spana inayohitajika, na karibu kila skrubu yake inataka alenki namba 4, 5 au 6. Ya kwangu ni mtumba wa Kijapani, ile yenye kikapu mbele na mudigadi mbili, ambayo naendea dukani. Nzito, lakini siti yake ni kama kochi. Gurudumu la nyuma limebanwa kwa nati mbili kubwa, na nati hizo ni namba 15.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Mapinga, Kerege, Zinga, jioni tukala samaki Bagamoyo na tukalala. Siku ya pili, saa nne asubuhi, tukiwa tunaelekea Kiwangwa, nikasikia tairi la nyuma linapumua pssss. Pancha.

Baba Neema alishuka kama daktari aliyeitwa wodini. Akafungua begi na kutandaza vyuma vyake kwenye nyasi. Akajaribu spana namba 14, ndogo. Akachukua inayofuata, namba 17, inacheza kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Seti nyingi za spana za gari ziko hivyo: 10, 12, 13, 14, halafu zinaruka mpaka 17, kwa sababu kwenye gari namba 15 haitumiki sana. Kwenye nati za gurudumu la baiskeli, hiyo 15 ndiyo yenyewe. Akajaribu plaizi, akaanza kuilamba ile nati pembe zake. Nikamwambia taratibu, si ungekuja na spana malaya? (Jina si langu, naomba radhi. Ni ile spana inayopanuka na kubana kila nati inayopita mbele yake, na mafundi ndivyo wanavyoiita.) Akajibu kwamba spana malaya inaharibu nati. Alisema hivyo huku plaizi iko mkononi.

Nikachukua yale maboksi mawili ya tyubu nikasoma. Zote mbili ni za gurudumu la kwake, nyembamba, zenye vali ndefu ya Kizungu. Nikaangalia pingili za cheni, nyembamba, za cheni ya gia nyingi. Cheni yangu mimi ni pana. Msomaji wangu, katika kilo nne na robo hakikuwemo hata kifaa kimoja kilichochaguliwa kwa kuitazama baiskeli yangu. Sikumaanisha kugomba, lakini maneno yalinitoka yenyewe: "Hii ni Dodoma nyingine." Akanyamaza. Tukasukuma baiskeli juani kama saa moja na nusu, yeye mbele mimi nyuma, na hakuna aliyesema neno.

Kiwangwa ni nchi ya mananasi, na kando ya vibanda vya mananasi, chini ya mwembe, tukamkuta kijana fundi baiskeli. "Shikamoo mama, shikamoo mzee." Nikamtazama boksi lake. Spana malaya moja, nyundo, plaizi, msasa, kopo la gundi, rundo la tyubu zilizokufa, beseni la maji na pampu ya kusimama. Basi. Hapo nikajua mume wangu alikuwa amebeba kilo mbili za vitu vilivyomo kwenye kila boksi la fundi barabarani.

Baba Neema akamwambia tatizo ni nati. Kijana akatucheka kwa adabu. Hakuigusa nati. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akaingiza vishikio viwili vya kijiko vilivyobapazwa, akaliondoa tairi upande mmoja tu kwenye rimu, akaivuta tyubu nje kama utumbo, gurudumu likiwa palepale lilipo. Akaijaza upepo, akaizamisha kipande kwa kipande kwenye beseni mpaka mapovu yakatoka. Akakausha, akasugua kwa msasa, akapaka gundi nyembamba na kuiacha ikauke kwanza kabla ya kubandika kiraka. Wengi tunakosea hapo, tunabandika gundi ikiwa mbichi halafu tunalaumu kiraka. Kabla ya kurudisha, akapitisha vidole ndani ya tairi polepole na kuchomoa mwiba mfupi mweusi. Angeuacha, tungepata pancha nyingine kabla ya Msata.

Kumbe pancha haihitaji kufungua gurudumu! Spana tuliyoililia wala haikuwa ya lazima. Nikamwona mume wangu anakuna kichwa. Kwa aibu akatoa tyubu yake ya gundi amwonyeshe fundi kwamba na sisi tulikuwa nayo. Kijana akaiminya, ikawa ngumu kama jiwe. Ilishafunguliwa mwaka uliopita, na gundi ikishafunguliwa hukauka hata ukiifunga vizuri. Kwa hiyo hata nati ingefunguka, tusingeenda kokote.

Kabla hatujaondoka nikamwomba kijana mipira miwili mirefu iliyokatwa kutoka kwenye tyubu chakavu, ile watu wanayofungia mizigo kwenye keria. Baba Neema akauliza ya nini. Nikamwambia, "Mambo ya ufundi niachie mimi." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza anacheka tangu Aprili.

Siku ya tatu tukiwa tumeshavuka daraja la Wami, malori yanatupita kwa upepo wa kutisha, mabegi yake ya pembeni yakaanza kuyumba. Skrubu ya keria ilikuwa imelegea kwa mtikisiko mpaka ikadondoka, hatujui wapi. Alenki ya kuikazia anayo, skrubu yenyewe haipo. Kwa safari za mizigo hii ndiyo kasoro inayokuvizia kuliko zote. Inauma kwa sababu kinga yake ni skrubu mbilitatu za ziada ambazo hazizidi uzito wa pete. Nikatoa mpira wangu, nikafunga keria na fremu, nikazungusha, nikakaza. Tulifika nao mpaka Tanga.

Usiku ule kwenye gesti ya Mkata alitandaza kanga yangu sakafuni, akamwaga begi lote tena. Safari hii hakuanza na vyuma. Aliingiza baiskeli yangu chumbani, akaigusa nati ya kwanza mbele na kuniuliza, "Hii inataka nini?" Tukaenda nati kwa nati, skrubu kwa skrubu, kutoka mbele mpaka taa ya nyuma, kwangu kisha kwake, tukiandika kwenye risiti ya gesti. Kila chuma ambacho hakikupata nati ya kufungua kikawekwa pembeni. Nyundo ikatoka. Bisibisi tatu zikatoka. Spana za marehemu mzee zikabaki mbili. Alizishika kidogo kabla ya kuziweka kando, nami nikanyamaza kwa heshima.

Kilichobaki ni hiki, na mpaka leo ndicho tunachobeba. Alenki zile tatu, maana fundi wa njiani mara nyingi hana. Kikata cheni na kipande cha kuungia cheni cha kila baiskeli, yangu kivyake na yake kivyake, kwa sababu haziazimani. Vijiko viwili vya plastiki vya kuvulia tairi, viraka na msasa, gundi mpya ambayo haijatobolewa. Tyubu moja kwa kila baiskeli. Hapa uwe makini, dada yangu. Kwenye tairi usisome tu ile 26, soma namba ndogo za pembeni. Langu limeandikwa 590, na tairi la baiskeli ya milimani ni 559. Yote mawili muuzaji atakuambia ni 26, na tairi la moja halikai kwenye rimu ya lingine. Pampu tumeijaribu kwenye vali zote mbili. Spana ndogo ya kukazia spoki, kwa sababu spoki ikikatika upande wa gia huwezi kuibadilisha njiani bila kifaa kizito cha kufungulia gia. Unachoweza ni kulegeza na kukaza za jirani ili rimu isisugue breki, ukafika mjini polepole. Skrubu za ziada, tepu nyeusi, mpira wa tyubu. Na spana namba 15, kwa siku ambayo tyubu itapasuka vibaya na gurudumu litalazimika kutoka kweli. Mangi alipopima tena ilikuwa kilo moja na kidogo.

Nyundo, spana malaya na beseni la maji tumemwachia fundi, yeye ndiye mwenye navyo, na yuko karibu kila kijiji chenye mwembe.

Kitu kingine, usisubiri kufika Mkata kama sisi. Jumamosi moja kabla ya safari kaeni uani, fungeni stoo ya vifaa, mvue tairi na kulirudisha, mkate cheni na kuiunga, kwa kutumia begi hilo tu. Na kila mmoja afanye kwa mikono yake. Anayesimama pembeni akishika tochi hajajifunza kitu.

Najua unataka kuuliza kuhusu Dodoma. Tuliiongea usiku uleule, tumekaa chini, mikono imejaa grisi. Alisema, "Niliogopa nikikuuliza utakataa." Nikamjibu kwamba kweli ningekataa, siku ya kwanza. Ya pili labda ningeuliza mshahara. Ya tatu labda ningeuliza kodi ya fremu ya duka huko. Hakunipa hata siku moja. Akasema, "Nimekosa, mke wangu." Si neno analolitumia ovyo, na nililipokea, japo hasira haikuisha usiku ule wala mwezi ule.

Tulikubaliana atangulie. Mimi na Neema tumebaki Dar, duka langu lipo, na yeye anakuja kila mwisho wa mwezi kwa treni ya SGR. Wapo wanaosema ndoa ya namna hiyo haidumu. Wapo mashoga zangu wanaosema Dodoma kuna warembo. Nawasikia wote. Ila sasa akitaka kukodi nyumba kubwa zaidi huko, simu inaanza na "Mama Neema, unaonaje?"

Safari ijayo ni Lushoto, ile milima inayopandia Mombo. Begi la vifaa tumeligawa mara mbili. Alenki zinakaa kwake. Spana namba 15 iko kwenye kikapu changu, na akiihitaji ataiomba.