Mnara wa Domino na ua wa jirani



Ndugu zangu katika imani, jana baada ya Alasiri vijana walinionesha kwenye simu picha ya ule mnara wa Domino, uliotangazwa mwaka 2021 kwamba utajengwa upande wa Chukwani, urefu wake mita 370. Barazani wakagawana pale pale. Mmoja anasema lile umbo la madomino yanayoanguka ni zuri, dunia nzima itatujua. Mwengine anasema hiyo ni alama ya Kiyama, basi.

Kwanza hilo la Kiyama. Ni kweli, katika Hadithi ya Jibril iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja wachungaji mafukara watakaoshindana kwa majumba marefu. Lakini Imamu Nawawi alipoisherehesha alitanabahisha kuwa si kila kilichotajwa kuwa ni alama ya Kiyama huwa haramu. Tusiharakishe kuharamisha. Kinacholaumiwa ni kujifakharisha, na hilo mtu huliweza hata kwa banda la mabati.

Mimi nina suali jengine. Wazee wetu wa Mji Mkongwe walijenga nyumba zenye ua ndani. Mgeni akikaa barazani nje, watu wa nyumba wakabaki na sitara yao. Na mafakihi wameandika sana juu ya mtu anayefungua dirisha likamchungulia jirani, maana haki ya jirani haiishii ukutani. Sasa aliyekaa ghorofa ya 50 anaangalia ua wa nani? Katika ubishi wote ule wa umbo na rangi ya vioo, hakuna aliyeliuliza hilo.

Halafu matunzo. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, ndiyo iliyokuwa jengo letu refu la kujivunia. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki, Allah awarehemu. Zile ghorofa chache tu zilitushinda kuzitunza, nasi tunabishana kuhusu uzuri wa sabiini.

Pale barazani alikuwepo kijana wa Chukwani, kimya muda wote. Nikamwambia, "Wewe mwanangu, rai yako?" Akasema, "Sheikh, nyumbani kwetu bafu liko uani, na halina paa."

Wallahu aalam.