Hiyo Si Ladha, ni Tumbaku

Iko desturi mpya iliyozuka ng'ambo, na sasa imeanza kubisha hodi hata kwetu Ngara na Biharamulo kwa mikono ya vijana wanaokuja likizo. Mtu hununua sigaa, yaani zile sigara nene zilizosokotwa kwa jani tupu la tumbaku. Huzikatakata kama mchicha, akazitia katika chupa ya kioo na kuzifunika kwa gliserini ileile tunayojipaka miguuni wakati wa kiangazi, au kwa kimiminika kingine kiitwacho propilini glaikoli. Chupa huwekwa ndani ya maji ya moto kwa saa kadhaa, au hufichwa kabatini mwezi mzima na zaidi. Kisha huchujwa kwa kitambaa, halafu kwa karatasi ya kuchujia kahawa, mara mbili tatu, mpaka kipatikane kitu cha rangi ya asali. Hicho ndicho kinachotiwa katika sigara ya kielektroniki, kile kidude cha betri kinachotoa mvuke badala ya moshi. Wenyewe wanakiita ladha.

Ndugu msomaji, ugomvi wangu ni na neno hilo.

Kuloweka tumbaku ili kupata maji yake si ufundi wa kigeni, wala hatukungoja mzungu atufundishe. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kichungu kidogo cheusi, hakizidi ngumi ya mtoto. Ndani yake alitia jani kavu na maji kidogo, akalikamua kwa vidole, akamimina maji yale kiganjani na kuyavuta puani. Halafu alibana pua kwa kibanio cha mti ili yasitoke upesi. Wakati huo ukimsalimia alikujibu kwa sauti ya puani kama mwenye mafua, nasi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa uani. Mwingereza Richard Burton, alipofika Ujiji mwaka 1858, aliwakuta watu wa huko wakifanya vivyo hivyo, kwa kichungu na kibanio, naye akayaandika. Kwa hiyo ni jambo la kale katika nchi hizi za kuelekea Burundi.

Lakini bibi hakudai hata siku moja kwamba anavuta ladha. Aliita tumbaku. Tena maji hayohayo, yakikolea, yalipakwa kwenye masikio ya ndama ili kupe waanguke. Chungu kimoja, kazi mbili, na watoto tulikatazwa kukigusa kwa ukali uleule tuliokatazwa kushika panga. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kilichomo chunguni mwake.

Sasa mwangalie msomi wa leo. Mwana wa ndugu yangu alikuja na chupa zake tatu, akazipanga dirishani. Nilipomuuliza ni nini, akanijibu kwa heshima zote, "Baba mdogo, hii si tumbaku, ni ladha yake tu. Nikotini naitia mwenyewe kwa kipimo." Shangazi yangu, ambaye bado anatumia tumbaku ya kuloweka, alifungua kifuniko, akanusa, akauliza ni nani aliyemwagia tumbaku mafuta. Kijana akacheka. Mimi nilimwona shangazi ndiye mkemia kati yao wawili.

Maana nikotini huyeyuka katika maji, na huyeyuka vizuri katika gliserini na glaikoli. Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, waliitenga kutoka katika jani mwaka 1828, na tangu hapo hakuna aliyepata jani linalotoa harufu yake likabaki na sumu yake. Sigara ya kawaida ina nikotini ya kama miligramu 10. Sigaa kubwa moja yaweza kuwa na miligramu 100 hadi 200, hata zaidi. Anayevuta sigaa kwa moto hupoteza sehemu kubwa ya hizo hewani, ilhali aliyeiloweka mwezi mzima amezikusanya chupani. Halafu juu yake anaongeza nikotini ya dukani "kwa kipimo"! Kipimo cha nini, ikiwa ile ya kwanza hakuihesabu?

Watasema, na wanasema kweli, kwamba mvuke hauna lami ya moshi. Wakuu wa afya wa Uingereza walitangaza mwaka 2015 kwamba sigara ya kielektroniki ina madhara machache sana kuliko ile ya kuwasha, na mvutaji wa miaka 30 akihamia huko sitamzuia. Lakini maneno hayo yalisemwa juu ya vimiminika vilivyotengenezwa kwa vipimo vinavyojulikana, si juu ya chupa ya majani iliyokaa chini ya kitanda. Ninyi mmechukua cheti cha mtu mwingine mkakibandika kwenye mtungi wenu. Jani la sigaa hukaushwa na kuchachushwa, na hapo ndipo nitrosamini, ambazo baadhi yake huleta saratani, huongezeka. Karatasi ya kahawa huzuia vipande vya majani. Kilichokwisha yeyuka hupita.

Na liko jambo ambalo hata wapenzi wa sigaa wenyewe huko Cuba wangelishangaa. Sigaa kwa desturi haivutwi hadi mapafuni. Moshi wake hukaa kinywani, ukaonjwa, ukatolewa. Bibi naye alikomea puani. Hawa wanalichukua jani kali kuliko yote na kulipeleka mahali ambapo wenye sigaa walikataa kulipeleka, pamoja na sukari na mafuta yake, ambayo huganda juu ya waya wa moto mpaka ukawa mweusi kama sufuria ya ugali ulioungua. Wanalalamika kwamba waya unaharibika haraka! Mapafu hawayalalamikii kwa kuwa hawayaoni.

Mwaka 2019 Wamarekani walipata somo kali juu ya vimiminika vya mitaani. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu, na waliokufa walikuwa 68. Sitaki kudanganya: chanzo kikubwa hakikuwa tumbaku bali mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika bidhaa za bangi. Lakini aliyeyachanganya naye aliona ni kitu salama, maana watu huyameza na kujipaka bila kudhurika. Kitu kinachofaa ngozi au tumbo si lazima kifae pafu.

Wazee wenzangu nao wasinifurahie mapema. Kuna wanaosema, "Mbona bibi zetu walifika miaka 90?" Waliofika ndio tunaowaona wakiota jua. Wale ambao hawakufika hawana wa kuwasemea barazani.

Serikali yetu ina sheria ya bidhaa za tumbaku tangu 2003, nayo inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki zenyewe. Lakini hakuna mkaguzi atakayefika Nyakahura au Rulenge kukagua dirisha la jiko. Hapo hubaki mwenye nyumba.

Nami kama mwenye nyumba nilikuwa na shauri moja tu kwa yule kijana, maana ni mtu mzima na pafu ni lake. Kwetu asali ya Biharamulo huwekwa katika chupa yoyote iliyopatikana, ya soda au ya konyagi, na mtoto akikohoa usiku hupewa kijiko gizani na yeyote aliyeamka kwanza. Chupa zake zilikuwa na rangi ileile, uzito uleule, na kwa karatasi alizozibandika zilisema "Asali na Mwerezi", ati ndiyo ladha aliyoisikia. Nilimtaka aandike TUMBAKU kwa herufi kubwa na azitoe dirishani. Mbili alizitoa. Ya tatu alisema bado haijaiva, inahitaji jua.