Matokeo ya bulongo yetu yasomwe mbele yetu

Mwaka 2018, watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji walitoa utafiti juu ya mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi. Walipima vumbi, damu na mkojo. Wakaaji wa machimboni walikutwa na kobalti nyingi kuliko majirani zao wa nje, na watoto ndio waliozidi.

Utafiti huo ulitoka kwa Kiingereza. Sisi wakulima wa Nzilo tunasema: anayechota bulongo ao majani katika mashamba yetu aseme siku gani atarudi, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa koperative.

Wengine wanaogopa: wanunuzi wa lengalenga watakimbia. Lakini uvumi uko tayari sokoni, na uvumi haupimi shamba moja moja. Vipimo vinapima. Bulongo yenye uchachu inaachia shaba na kobalti ziingie kwa urahisi kwenye mboga. Chokaa na mboji vinapunguza, ijapo havimalizi. Kuosha majani kunatoa vumbi tu, si kile kilichopita kwenye mizizi. Shamba likionekana baya, tuliwekee mahindi, kwani punje hushika madini kidogo kuliko majani, na mboga tuzihamishie kwingine.

Hayo yote yanahitaji namba. Batoto wetu ndio wa kwanza kula tunachopanda. Basi katika mkutano ujao, tuandike sharti hili katika kanuni zetu.