Kisu cha Daktari Hakikati Tamaa ya Sukari

Tumezoea kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na polisi juu ya maadui wanaojulikana kwa sura na kwa vitendo. Leo twapenda kuzungumza juu ya adui asiyebeba silaha, ambaye huingia kambini kila asubuhi, akapokewa kwa furaha na kukorogwa ndani ya kikombe. Adui huyo ni sukari iliyozidi kiasi. Twazungumza hasa na wale miongoni mwetu, wanaume kwa wanawake, ambao kwa ushauri wa madaktari walifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kwa sababu ya unene wa kupindukia, wakarudi kazini wakiwa wepesi, lakini tamaa ya vitu vitamu ikawafuata hadi kwenye lindo.

Huenda mtu akauliza, jambo hili lawahusu nini askari? Lawahusu sana. Askari huanza kazi akiwa mwembamba, kila siku mbio, kila siku gwaride. Miaka ikipita hupewa cheo, pamoja na cheo meza, na pamoja na meza gari. Miguu hupumzika, lakini kikombe cha chai hakipumziki. Unene wa kupindukia ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao huleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Aliyefikwa nao hastahili kuchekwa, na aliyekubali kupasuliwa ili aendelee kulitumikia taifa hakufanya jambo la aibu.

Upasuaji huu si jambo la jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwatibu wagonjwa wanene kwa kutenga sehemu ndogo ya tumbo na kuiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Siku hizi njia zitumiwazo zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kulikata tumbo na kuondoa kadiri ya robo tatu yake au zaidi, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Ya pili ni ile ya mfuko mdogo uliounganishwa na utumbo. Faida zake zimethibitishwa. Huko Sweden wataalamu waliwafuatilia wagonjwa tangu mwaka 1987, na mwaka 2007 walitangaza kwamba waliopasuliwa walikufa kwa idadi ndogo kuliko wenzao wanene waliopata matibabu ya kawaida.

Lakini yatupasa kufahamu kisu kinafanya nini na hakifanyi nini. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua kemikali iitwayo ghrelini, ambayo hutengenezwa zaidi tumboni na kuupelekea ubongo habari ya njaa. Sehemu kubwa ya tumbo ikiondolewa, ghrelini hupungua na njaa hupungua pia. Ndiyo maana katika miezi ya kwanza wagonjwa wengi husema hawana hamu ya kula, na wengine huona hata soda imekuwa tamu mno. Hapo mtu hudhani ameshinda vita. Baada ya miezi kadhaa, au mwaka, hamu hurudi, na mara nyingi hurudi kwa mlango wa sukari. Yafaa basi tutofautishe njaa na uchu. Mwenye njaa hutosheka na maharage. Mwenye uchu ataacha maharage yapoe mezani huku akitafuta mandazi na soda. Njaa ilipunguzwa na daktari. Uchu umo katika mazoea ya miaka ishirini au thelathini, na mazoea yana taabu.

Mazoea hayo hapa kwetu Uganda yana historia. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa mwaka 1924, na kile cha Kakira mwaka 1930. Baada ya wenye viwanda hivyo kufukuzwa nchini mwaka 1972, uzalishaji ulianguka, na kufikia mwisho wa miaka ile ya sabini sukari ilikuwa kitu cha magendo. Wazee wetu wa vikosini hawakusahau jinsi kilo moja ya sukari ilivyotafutwa kwa shida. Katika nyumba nyingi, chai tamu ikawa dalili ya heshima kwa mgeni, na chai isiyo na sukari ikawa dalili ya ufukara. Leo sukari imejaa madukani hata vijijini, lakini mkono bado unaipima kama mkono wa mtu aliyeikosa jana.

Hebu tufanye hesabu. Kijiko kidogo cha sukari kina kadiri ya gramu 4. Askari anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vinne, amekula vijiko 16, yaani gramu 64. Akiongeza chupa moja ya soda ya mililita 300, anaongeza vijiko vingine vipatavyo vinane. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana ipungue hadi nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, ambazo ni vijiko sita. Ushauri huo ni kwa watu wote, wenye tumbo zima. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho chaweza kurudisha unene ambao mtu aliuondoa kwa maumivu na gharama. Wala tumbo dogo si ngome dhidi ya sukari, kwa maana chai na soda hazikai tumboni. Hupita upesi na kutoa nafasi kwa nyingine.

Hatari yenyewe haiishii kwenye unene. Baada ya upasuaji, na zaidi ule wa kuunganisha mfuko mdogo na utumbo, vitu vitamu huweza kuteremka utumboni kwa kasi kuliko kawaida. Hali hiyo madaktari huiita dampingi, nayo ina sura mbili. Ya kwanza huja mapema, mara nyingi kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula: tumbo husokota, moyo hupiga mbio, jasho humtoka mtu, kichwa humzunguka, na pengine huharisha. Ya pili hukawia, huja saa moja hadi tatu baadaye. Sukari ilipoingia kwa wingi katika damu, mwili ulitoa insulini kupita kiasi, na sasa sukari ya damu inashuka chini ya kiwango kinachofaa. Mikono hutetemeka, macho huona kiwi, akili huchanganyikiwa, na mtu aweza kuzimia.

Kwa mtu aliye nyumbani kwake, hayo ni maradhi. Kwa askari ni jambo zito zaidi. Tuchukue mfano wa askari aliyekunywa soda mbili saa nne za usiku ili asisinzie, kisha akashika lindo akiwa na bunduki yenye risasi. Ifikapo saa sita, mikono yake inatetemeka na hawezi kupambanua anayemjia ni mwenzake au ni mvamizi. Au tumfikirie dereva wa gari la polisi katika barabara ya Kampala kwenda Jinja, amebeba wenzake kumi, na ukungu umemwingia machoni. Soda iliyonywewa kwa siri imekuwa jambo la usalama wa kikosi kizima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa tunataka tueleweke vizuri. Sukari ya damu iliposhuka na mtu ameanza kutetemeka na kuchanganyikiwa, si wakati wa kumhubiria. Aweke silaha chini au asimamishe gari, apewe kitu kitamu kidogo kadiri alivyoelekezwa na daktari wake, na akishapata nafuu ale chakula chenye protini ili hali isirudi. Akizimia asitiwe kitu chochote kinywani, bali apelekwe hospitali mara moja. Saa hiyo sukari ni dawa. Kosa ni kuifanya dawa hiyo kuwa chakula cha kila siku, kwa sababu sukari inayomwinua leo ndiyo itakayomwangusha kesho. Na yeyote ambaye hali hii humjia mara kwa mara asijitibu kambini. Arudi kwa daktari aliyempasua au kwa daktari wa kikosi.

Je, uchu huu unapigwaje? Kwanza, kwa kutouacha mwili mtupu. Aliyepasuliwa huhitaji protini kila siku, kwa kawaida kadiri ya gramu 60 au zaidi, naye aianze kabla ya kitu kingine kilicho katika sahani. Wala hahitaji vyakula vya kigeni. Mayai, maharage, kunde, samaki, na dagaa wale wa ziwani tunaowaita mukene, vyote vyapatikana kwetu. Aliyekula yai asubuhi hataitazama trei ya mandazi saa nne kwa macho yale yale ya mtu aliyekunywa chai ya rangi peke yake.

Pili, kwa mpango. Anayekwenda zamu ya usiku achukue yai la kuchemsha, au njugu za kukaanga ikiwa daktari amekwisha kumruhusu vyakula vigumu, azitafune polepole. Abebe maji yake, ayanywe kidogo kidogo, wala asiyanywe pamoja na chakula bali angoje kama nusu saa baada ya kula. Matunda ale yenyewe, asiyakamue, kwa sababu maji ya matunda yana sukari nyingi na hayana ule utembo unaoizuia isiingie kwa kasi. Na asijidanganye kwa asali au kwa muwa, akisema hivyo ni vitu vya asili. Tumbo halijui asili, linajua sukari.

Tatu, kwa subira na usingizi. Uchu huja kama mvua ya ghafula, hunyesha kwa nguvu na kupita. Anayeweza kungoja robo saa akitembea, akipiga viatu rangi au akizungumza na mwenzake, mara nyingi huuona ukiondoka. Lakini mtu aliyekesha siku tatu mfululizo hana subira hiyo, kwa sababu kukosa usingizi huongeza hamu ya kula, na hasa ya vitu vitamu. Kwa hiyo saa ya mapumziko iwe ya kulala kweli, isiwe ya karata. Na vidonge vya vitamini na madini alivyoandikiwa avimeze maisha yake yote, wala asiviache kwa kuwa anajiona mzima.

Nne, asihamishe tamaa kutoka chupa moja hadi nyingine. Wako wanaoacha soda wakakimbilia bia au waragi. Baada ya upasuaji wa kuunganisha mfuko na utumbo, pombe huingia katika damu haraka na kwa nguvu kuliko zamani, hata glasi moja ikamlevya mtu aliyezoea tatu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba matumizi mabaya ya pombe yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji. Kwa mwenye silaha, onyo hilo latosha.

Tumesikia wakisema kwamba jeshi ni mahali pa ukakamavu, na mwenye tamaa na ajishinde mwenyewe. Twawaheshimu wasemao hivyo, lakini hatukubaliani nao. Hakuna kamanda ampelekaye askari mmoja peke yake kwenye msitu wa adui. Mbona tumpeleke peke yake mbele ya sufuria la chai ambalo sukari imekwisha kumwagwa ndani na mpishi? Askari huyo hana hiari: ama anywe iliyozidi kiasi, ama akose chai.

Kwa sababu hiyo twatoa wito kwa wakuu wa vikosi, wa kambi na wa vituo vya polisi. Sukari isitiwe katika sufuria. Iwekwe kando, kila mtu ajipimie. Jambo hili halihitaji fedha, bali litaokoa fedha, na litawasaidia pia wenye kisukari na wale ambao hawajanenepa bado. Katika sherehe, pamoja na masanduku ya soda pawepo maji safi ya kutosha, ili anayekataa soda asionekane anamkataa mwenyeji. Mkuu wa zamu aijue hali ya askari wake aliyepasuliwa, amtunzie siri, ampe nafasi ya kula kwa wakati, na azijue dalili tulizozitaja.

Nanyi wenzake, acheni dhihaka. Neno moja la mzaha mbele ya kantini, la kumwambia mwenzenu amekuwa mgonjwa au amekuwa mtoto, laweza kumshikisha kikombe ambacho alikwisha kukiweka chini. Anapokataa kijiko cha pili, mwache. Anapotetemeka, mkimbilieni.

Na wewe ndugu uliyepasuliwa, usikate tamaa ukianguka siku moja. Askari aliyerudishwa nyuma hatua kumi hapoteza vita. Hujipanga upya na kusonga mbele. Daktari alikupunguzia mzigo wa tumbo kwa kisu chake kwa muda wa saa chache. Mzigo wa mazoea utaupunguza wewe, kikombe kwa kikombe, nasi sote tulio nawe kambini tuna wajibu wa kukusaidia kuubeba.