Gari la Msusi

Uingereza, Mazda MX-5 hukejeliwa kuwa "gari la msusi". Eti si gari la spoti la wanaume. Mimi mwanafunzi wa uzamili, ada yangu imetoka saluni kwa mama. Kejeli hiyo hainichekeshi.

Gari hilo la viti viwili lilizinduliwa mwaka 1989, kwa bei ambayo mwalimu au fundi bomba angeifikia kwa kujibana. Mwaka 2016 likatengenezwa la milioni moja. Wote hao ni mabosi?

Wacheka hawana tatizo na gari. Raha wameitengea mwenye tai, na mwenye kitana kaingia bila hodi. Aliyeshinda amesimama, akihudumia vichwa vya watu, ana haki ya kufungua paa apigwe na upepo.