Si Uchawi, ni Shaba Iliyopangwa

Mara kwa mara magazeti ya ulimwengu hutangaza kwamba wataalamu wamekwisha kushona joho ambalo mtu akilivaa haonekani. Sisi twasema habari hiyo imetiwa chumvi. Twaona ni wajibu wetu kueleza jambo lenyewe lilivyo, kwa maana mfanyakazi aliyeaminishwa kuwa kazi ya wataalamu ni uchawi hathubutu kuuliza ni nani aigharamiaye, wala kwa faida ya nani. (Wako waganga wauzao hirizi za namna hiyo, hatujapata kumwona mteja wao aliyefaulu, na labda ndiyo dalili ya kufaulu kwake.)

Mwaka 2006 Profesa John Pendry wa Imperial College, London, pamoja na wenzake wawili, alionyesha kwa hesabu kwamba mawimbi yaweza kuongozwa yakizunguke kitu. Oktoba mwaka huohuo jaribio likafanywa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Vipande vidogo vya shaba, vya milimita chache tu, vilichorwa juu ya mabamba membamba kama yale yaliyomo ndani ya redio, na mabamba hayo yakakunjwa yawe pete ndani ya pete, zote 10. Katikati kikawekwa kipande cha shaba cha mviringo. Mawimbi ya namna ya rada yalipofika pale yalipinda, kama maji ya mto yazungukavyo jiwe, yakakutana upande wa pili. Hayakupinda yote, kivuli hafifu kilibaki. Lakini shaba ile ni hii hii ya nyaya za umeme. Nguvu yote ilikuwa katika mpango wake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mawimbi yale yalikuwa na urefu wa sentimita 3 na nusu hivi, tena ya urefu mmoja tu. Wimbi la mwanga tuonao halifiki hata sehemu 1 ya 1,000 ya milimita, na kila rangi ina urefu wake. Tena, mtu afichwaye kikamilifu atakaa gizani: mwanga usiomgusa hauwezi kuingia machoni mwake.

Tusisahau kazi hii ilianzia wapi. Katika miaka ya 1990 Pendry alikuwa akiishauri kampuni ya Marconi ya Uingereza, iliyotengeneza vitu vya kuzificha manowari zisionekane na rada. Elimu ile ile yaweza kumlinda mtu nyumbani mwake. Agosti 2012, karibu na Grenoble, Ufaransa, wataalamu walichimba safu za mashimo yenye kina cha mita 5, wakaitikisa ardhi kwa mashine mara 50 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya mtikisiko ikarudishwa nyuma na mashimo hayo. Tetemeko la kweli hutikisa polepole zaidi, mawimbi yake ni marefu mno, na kinga yake yahitaji ujenzi mkubwa kupita ule. Kazi hiyo bado, nayo yataka fedha. Tungependa kuona fedha za kazi hiyo zikidaiwa kwa vichwa vya habari vikubwa kama vile vya joho.