Kujitegemea bila hati: mtihani wa wahafidhina Nakivale

MBARARA. Uhafidhina unapotajwa katika siasa za Uganda siku hizi, mjadala huishia kwenye maadili, hasa tangu Bunge lilipopitisha sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja mwaka 2023. Lakini wahafidhina popote duniani wana ajenda ya zamani zaidi ya hiyo, nayo inahusu utawala na uchumi. Serikali ilinde mipaka na amani. Iheshimu mali ya mtu. Isitumie kuliko inavyokusanya. Iiache familia ijilee yenyewe, na kila mwenye nguvu ale jasho lake badala ya kungoja mgao.

Mahali pazuri pa kuipima ajenda hiyo ni Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa jiji la Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo wengi wanaoishi humo ni Wakongo, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali na Wanyarwanda.

Sera ya Uganda kwa wakimbizi husifiwa kuwa ya ukarimu. Ukiichunguza, msingi wake ni wa kihafidhina. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010 hazimweki mkimbizi ndani ya uzio. Anapewa kipande cha ardhi alime, anaruhusiwa kutembea, kuajiriwa na kufungua duka. Serikali inatoa ardhi na ulinzi. Mengine ni juu yake.

Na watu wamefanya kazi. Katika masoko ya Base Camp, Juru na Rubondo, Kiswahili ndicho kinachounganisha muuzaji na mnunuzi wasiotoka nchi moja. Wafanyabiashara wa Mbarara hununua mahindi na maharage huko, na bidhaa za viwandani hurudi kwa njia hiyohiyo.

Sasa sera hiyo imefika penye mtihani. Mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, umekuwa ukipunguzwa tangu 2020. Mei 2025 shirika hilo, likiwa limekaukiwa na fedha za wafadhili, lilisitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini. Kwa anayeamini kwamba msaada hulemaza, hii ndiyo nafasi ya kuona kujitegemea kukifanya kazi. Shida ni kwamba nguzo moja ya ajenda yake haijawahi kusimamishwa Nakivale, nayo ni mali.

Kanuni za 2010 zinampa mkimbizi haki ya kuitumia ardhi ya makazi bure, lakini hawezi kuiuza wala kuikodisha. Hana karatasi ya kupeleka benki. Hawezi kujua kama mgomba anaoupanda leo utakuwa wake baada ya miaka 10. Mtu wa namna hiyo hulima mahindi ya msimu. Hapandi kahawa, hajengi ghala, hachimbi mtaro wa kuzuia mmomonyoko. Hilo halitokani na uvivu wala na kulelewa kwa mgao. Mkulima yeyote wa Ankole, akiwekwa kwenye shamba ambalo anaweza kuondolewa wakati wowote, angefanya vivyo hivyo.

Hofu ya kuondolewa ina historia yake. Oktoba 1982, chini ya serikali ya Milton Obote, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika vijiji vya Ankole, nyumba zao zikachomwa na ng'ombe wao kuporwa. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda. Wengine walikimbilia Nakivale, wengine wakavuka mpaka. Miaka minane baadaye, vijana waliokulia uhamishoni waliingia Rwanda na bunduki. Anayetaka amani mpakani hana budi kuikumbuka hesabu hiyo.

Kisha Julai 2010, Wanyarwanda zaidi ya 1,700 walipakiwa kwenye malori Nakivale na Kyaka na kurudishwa kwao kwa nguvu. Wapo waliokufa kwa kuruka kutoka kwenye malori hayo. Tarehe 1 ya mwezi huohuo, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kutumika.

Familia nayo haijapata kinga. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1995 inamzuia mtu aliyezaliwa Uganda kusajiliwa kuwa raia kama mzazi wake, au hata babu au bibi yake, alikuwa mkimbizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi anaweza kuomba uraia wa tajnisi, lakini njia hiyo inadai miaka 20 ya ukaaji na imebaki nyembamba. Hivyo ukimbizi unarithiwa hadi kizazi cha tatu, huku shamba alilolifyeka babu likiwa halirithiki kwa hati.

Wenyeji wa Isingiro wana hoja nzito dhidi ya kubadilisha hali hii. Ardhi haiongezeki. Wapo wanaodai kwamba sehemu ya Nakivale ilikuwa ya wazee wao, na mvutano wao na Ofisi ya Waziri Mkuu ni wa miaka mingi. Raia kwanza, wanasema, na hiyo pia ni kauli ya kihafidhina. Isitoshe, utaratibu wa Uganda unatenga asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi kwa huduma za jamii zinazowapokea, kwa hiyo msaada ukikauka, zahanati na shule za wenyeji nazo zinaumia.

Lakini hoja hiyo inadai mipaka iliyo wazi na sheria inayojulikana, wala haimtaki mkimbizi aendelee kukaa bila mkataba. Sheria ya Ardhi ya 1998 tayari inamruhusu asiye raia kukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Serikali ingeweza kwanza kupima mipaka ya Nakivale na kumaliza madai ya wenyeji, kisha ikatoa mikataba ya miaka kadhaa, yenye majina ya mume na mke na inayorithiwa na watoto, kwa waliolima kipande kilekile kwa muda mrefu. Kodi yake ingeingia Isingiro. Ardhi ingebaki ya Uganda.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi ilipowapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972, wengi wao wakipokea vyeti mwaka 2014. Haikusambaratika.

Kikanda, hali ni ya ajabu zaidi. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, Kongo 2022 na Somalia 2024. Wengi wa wakazi wa Nakivale sasa ni raia wa nchi wanachama. Hata hivyo, Ibara ya 15 ya Itifaki iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi, kwa hiyo Jumuiya haitawaokoa. Uamuzi uko Kampala.

Serikali inayomwambia mtu ajitegemee imempa agizo la haki. Nayo inadaiwa kumhakikishia kwamba atakachopanda atakivuna. Mgao umekwisha kabla mkataba haujaandikwa, na msimu wa kupanda haungoji.